Mluzi wa Gari na Lita 20 za Dizeli



Juma lililopita sikuandika, na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Sababu ni gari. Nisingependa kuwachosha kwa habari za spana na oili mahali ambapo mmezoea kupata tafakari ya Dominika, lakini jambo lililotupata lilianzia kwenye mluzi mwembamba wa gari la parokia na nusura liishie kwa kumvunjia heshima mtu asiye na hatia. Nimeona ni haki niliandike lote, pamoja na sehemu yangu ndani yake. Aidha, wengi wenu mna magari ya dizeli ya namna hiyohiyo, na pengine hata sasa mnausikia mluzi huo mkidhani ni upepo.

Gari letu ni pikapu ya dizeli yenye umri wa miaka 13. Limekwisha kutembea zaidi ya kilometa 280,000, nyingi kati ya hizo zikiwa za kupanda na kushuka milima hii ya Umatengo. Parokia ina vigango 9, na kilicho mbali kuliko vyote kiko kilometa 34 kutoka hapa. Gari hilohilo ndilo linalobeba mchanga wa ujenzi, magunia ya mahindi ya sadaka, jeneza panapotokea msiba, na wagonjwa usiku wa manane ambao pikipiki haiwezi kuwafikisha hospitalini salama. Likilala, mambo mengi hulala pamoja nalo.

Mwezi Julai, nikitoka kigangoni na watu wanane nyuma, nilisikia sauti nyembamba mara tu nilipokanyaga mafuta kupanda kilima. Ilikuwa kama mluzi wa mtoto anayechunga mbuzi ng'ambo ya bonde. Nilipoachia mafuta, ikakatika. Mzee Katekista, aliyekuwa ameketi kando yangu, akasema, "Padri, gari linapiga mluzi." Nikamjibu kwamba ni upepo wa dirishani, kisha nikaongeza sauti ya redio.

Dereva wetu naye aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa naandaa mahubiri. Mara ya pili nilikuwa naharakia mkutano wa dekania. Mara zote mbili nilimjibu kwamba tutaangalia.

Mwezi Agosti mluzi ulizidi, na gari likaanza kuchoka. Kilima tulichokuwa tukikipanda kwa gia ya tatu sasa kilitaka ya pili, na nyuma yetu tuliacha moshi mweusi uliowafanya wanafunzi wa barabarani wazibe pua. Nikahesabu gharama, kama inavyompasa paroko. Katika daftari la mafuta niliona kwamba mwezi Mei lita 100 zilitufikisha kilometa 900, yaani kilometa 9 kwa kila lita. Mwezi Agosti kila lita ilitupeleka kilometa 7.5 tu. Kwa safari zilezile za kilometa 900 tulikuwa tumetumia lita 120. Zilizozidi zilikuwa lita 20 kamili.

Ndugu msomaji, huku kwetu lita 20 zina umbo. Ni dumu moja la njano. Kila mtu amewahi kusikia habari za dereva anayeegesha gari jioni, akanyonya dumu moja kwa mpira na kuliuza kwa wenye mashine za kusaga. Mara nilipoiona ile hesabu, nililiona dumu. Na nilipoliona dumu, nilimwona dereva.

Sikumwita mwizi. Laiti ningemwita, angalau angepata nafasi ya kujibu. Nilifanya lililo baya zaidi: nilimwambia kwamba kwa muda huu nitaendesha mwenyewe ili tubane matumizi, nikachukua ufunguo. Alinitazama, akasema, "Sawa, Baba Paroko," akaondoka. Siku chache baadaye, katika mazungumzo na viongozi wawili wa Halmashauri Walei, niliitaja ile tarakimu ya lita 20. Sikuongeza neno. Tarakimu ile ilitembea yenyewe. Mkewe aliisikia kisimani.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, lakini mluzi haukukoma. Nikalipeleka gari kwenye gereji moja mjini. Fundi alifungua boneti, akaniambia niwashe injini na kuikanyagia mafuta likiwa limesimama, akasikiliza kidogo, kisha akatoa hukumu: turbo imekufa. Iliyotumika ingepatikana kwa shilingi 2,800,000 pamoja na kazi. Fedha za namna hiyo parokia haina, isipokuwa shilingi 3,100,000 zilizokuwa zimechangwa na waamini wa kigango kimoja kwa ajili ya mabati. Walizichanga baada ya kuuza kahawa, wengine wakitoa shilingi 2,000, wengine mtetea. Mvua za Novemba zilikuwa zinakaribia na kuta zao za tofali mbichi hazikuwa na kitu juu yake. Nikaitisha kikao cha Halmashauri ili tuombe "kuazima" fedha zile. Nalitia neno hilo katika alama za mtajo kwa sababu nilijua moyoni kwamba hatukuwa na namna ya kuzirudisha kabla ya mvua.

Usiku wa tatu kabla ya kikao, niligongewa mlango. Mama mmoja alikuwa katika uchungu tangu mchana na mkunga alisema afikishwe hospitalini. Nilimkuta amekwisha kulazwa kwenye mkeka, na miongoni mwa watu waliokuja kumbeba alikuwamo dereva wetu, kwa kuwa ni jirani yake. Alipanda nyuma pamoja nao bila kusema neno.

Katika kilima kikubwa gari lilikataa. Kwa gia ya kwanza lilitambaa, likatoa moshi, likapiga mluzi ambao usiku ule haukuwa tena wa mtoto wa mbuzi bali wa birika linalochemka. Wanaume wakashuka ili kupunguza uzito, wakawa wanatembea kando ya gari huku wakisukuma. Ilituchukua karibu saa nzima kupanda mahali ambapo siku za nyuma tulipanda kwa dakika 10. Namshukuru Mungu kwamba mama yule alifika na kujifungua salama kabla ya mapambazuko. Lakini nilipokuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali nilijua kwamba, kama mambo yangekwenda vinginevyo, redio niliyoiongeza sauti mwezi Julai ingekuwa na sehemu yake katika msiba ule.

Dereva akaja kuketi upande wa pili wa benchi. Akasema, "Baba Paroko, leo nimetembea kando ya gari. Sauti haitoki katikati, iliko turbo. Inatoka mbele, upande wa betri." Kisha akanitajia mzee mmoja wa kijiji cha jirani, aliyestaafu baada ya kutengeneza malori kwa miaka mingi. Asubuhi, tulipomrudisha kila mtu kwake, tulikwenda kwake pamoja.

Mzee yule hakufungua boneti. Alileta vigoda vitatu, akaanza kuuliza maswali kama muungamishi. "Padri, sauti inafuata mwendo wa gari au inafuata mguu wako?" Sikuweza kujibu. Akatupeleka kwenye kipande cha barabara tambarare, akaniambia niendeshe kwa kilometa 40 kwa saa katika gia ya pili, kisha kwa mwendo uleule katika gia ya tatu, kisha niachie mafuta kabisa na kuliacha gari liende. Kila nilipoachia mafuta, mluzi ulikoma, ingawa magurudumu yalikuwa bado yanazunguka. Nilipokanyaga, ulirudi. "Basi," akasema, "tumekwisha kuondoa watuhumiwa wawili. Beringi ya gurudumu huimba kwa kufuata mwendo, haijali mguu wako. Upepo wa mlangoni au wa keria nao hufuata mwendo. Hawa si wao."

Wa tatu ulikuwa mkanda wa feni. Injini ikinguruma polepole, aliwasha taa zote na kipoza hewa ili alteneta na kompresa vielemewe, kisha akanyunyiza maji kidogo kwenye mkanda, akiwa amekunja mikono ya shati na kutukataza tusisogeze vidole. Mkanda uliolegea au kuchakaa hubadili sauti mara tu unapolowa. Huu haukubadilika.

Wa nne ulikuwa eksozi. Alitaka injini ipoe kabisa, nasi tukasubiri kwa chai. Eksozi ikivuja pale inapoungana na injini, alieleza, sauti yake husikika zaidi asubuhi injini ikiwa ya baridi, mara nyingi kama mpapaso wa haraka wa "tik-tik-tik", na masizi meusi huchora mstari penye ufa. Alimulika kwa tochi kila mahali penye gasketi. Palikuwa pakavu na safi. Akaniambia hilo lilikuwa la kwanza kuogopwa, kwa sababu moshi wa eksozi unaovujia chini ya boneti unaweza kuingia ndani ya gari, na ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi.

Ndipo tukafika kwa mtuhumiwa mkuu, yule aliyekwisha kuhukumiwa mjini.

Niwaeleze kidogo turbo ni nini, kwa wale ambao, kama mimi hapo awali, hulijua jina tu. Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta ndani ya hewa. Ukitaka nguvu zaidi lazima uongeze mafuta, na ukiongeza mafuta lazima uongeze hewa. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili mwaka 1905 wazo la kutumia moshi unaotoka katika injini, ambao vinginevyo hupotea bure, kuzungusha feni ndogo. Feni hiyo imeungwa kwa mhimili mmoja na feni nyingine inayovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Hewa ikishindiliwa hupata joto, kwa hiyo hupitishwa kwenye intakula, ambayo ni kama rejeta ya kupozea hewa, kabla ya kuingia katika injini. Kati ya turbo, intakula na injini kuna mabomba na mipira minene iliyobanwa kwa klempu. Kwetu sisi wa milimani jambo hili lina uzito wa pekee: kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa takriban asilimia 15, na ni turbo inayotufidia upungufu huo.

Mzee alifungua mpira unaotoka kwenye chujio la hewa, injini ikiwa imezimwa na imepoa, akaniambia niingize vidole viwili na kuushika mhimili. "Usukume kushoto na kulia." Ulicheza kidogo sana. "Hiyo ni kawaida, ni nafasi ya oili. Sasa uvute kwako na uusukume ndani." Haukusogea kwa namna ya kuhisika. "Sasa uzungushe." Ukazunguka kwa wepesi bila kukwaruza ukuta. Mapanga yake hayakuwa na kovu hata moja. Turbo iliyochakaa, alisema, hucheza ovyo, mapanga yake hugusa ukuta wa nyumba yake, na hulia kama king'ora. Mara nyingi pia hupitisha oili, nayo huonekana kwa moshi wa rangi ya buluu. "Padri, moshi wa gari lako ni wa rangi gani?" Nikasema mweusi. "Mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa. Buluu ni oili. Hii turbo ni nzima. Hewa anaishindilia, ila haifiki."

Wa mwisho walikuwa mabomba na mipira. Dereva ndiye aliyepaona kwanza, kando ya kishikizo cha betri: doa la vumbi lililolowa oili, upana wa kiganja, wakati sehemu nyingine zote zilikuwa na vumbi kavu. Mzee akafurahi. Alitueleza kwamba mvuke kidogo wa oili hupita ndani ya mabomba hayo katika magari mengi, si ugonjwa. Lakini unapotokea nje, umekuja na hewa inayovuja.

Hata hivyo hakutaka kuhukumu kwa doa peke yake. Alikata kifuniko cha plastiki kikae sawasawa kwenye mdomo wa turbo, akatoboa na kufungia vali ya tairi, akakibana kwa klempu, kisha akamwita kijana wa kuziba pancha mwenye kompresa. Alimwonya asizidishe psi 15, yaani takriban bar 1, na aanzie chini, kwani hewa nyingi kuliko hapo inaweza kuharibu kile unachokipima. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila mpira na kila kiungo. Sehemu zote povu lilitulia. Chini ya mpira wa upande wa betri, mahali ambapo jicho halifiki, povu likafura, likatoa mapovu makubwa, na mluzi ukasikika pale uani petu, hafifu lakini uleule, gari likiwa limezimwa.

Ulikuwa ufa usiozidi urefu wa kidole gumba. Hewa ilipotolewa, ufa ulijifunga kama midomo ya mtu aliyenyamaza; mtu angeweza kuupitishia kidole asiuone. Hapo nikaelewa kwa nini fundi wa mjini hakuupata. Gari lililosimama halina mzigo, na injini isiyo na mzigo haishindilii hewa ya kutosha kuufungua ufa. Hakuwa mwongo. Alisikiliza mahali ambapo ugonjwa haukuwa na sababu ya kusema. Lakini tukumbuke pia kwamba kama tungefuata ushauri wake, tungenunua turbo, tukaufunga mpira uleule, na mluzi ungeendelea. Mabati yangekuwa yamekwenda.

Nikamwuliza Mzee kuhusu mafuta. Jibu lake ndilo lililoninyima usingizi. Katika gari kama letu, sensa inayopima hewa imekaa mwanzoni kabisa, karibu na chujio, kabla ya turbo. Kompyuta ya gari husoma pale kiasi cha hewa kilichoingia na kutoa mafuta kulingana nacho. Haijui kwamba sehemu ya hewa hiyo inatokea njiani. Mafuta hutoka kwa kipimo cha hewa yote, hewa hufika pungufu, na mafuta yaliyobaki bila kuungua vema hutoka kama moshi mweusi. Dereva naye, akiona gari halina nguvu, hukanyaga zaidi na kukaa katika gia ndogo. "Kwa milima hii," alisema, "usishangae dumu zima likipotea kwa mwezi."

Alisema dumu. Sikuwa nimemtajia hesabu yangu. Dereva alikuwa ameinama anakusanya spana, wala hakuinua uso.

Nami nilikuwa nimefanya vilevile kama ile kompyuta. Nilipima kilichoingia, nikaona kilichotoka, na kwa kuwa havikulingana nikamtafuta mtu, bila kwenda kuangalia njiani.

Kulikuwa bado na swali moja: kwa nini mpira ule ulipasuka? Mzee alitumbukiza mkono na kutuonesha. Klempu ilikuwa imekaa upande, mpira haukuwa umeingia hadi mwisho wake, ukainama na kuegemea kona ya kishikizo cha betri. Kila mtikisiko wa barabara uliusugua pale. "Nani aliufungua mpira huu?" akauliza.

Mimi ndiye niliyeufungua. Mwezi Juni nilibadili chujio la hewa kwa mikono yangu ili kuokoa ujira wa fundi, nati ikaniponyoka na kuangukia chini, nami nikalegeza klempu ya mpira mkubwa ili mkono upite. Niliurudisha kwa haraka, gizani, nikaridhika kwamba injini imewaka. Niliyasema haya mbele yao wote wawili. Mzee akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akasema, "Padri, hata mimi nimewahi." Dereva hakucheka.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mepesi. Tulifunga ufa kwa vipande vya tyubu kuukuu na klempu mbili ili gari lifike mjini taratibu bila mzigo. Mzee alisisitiza kwamba hiyo ni dawa ya siku moja, kwa sababu joto, oili na msukumo wa hewa hushinda gundi na utepe wa aina yoyote. Mpira mpya uligharimu shilingi 85,000, na klempu mbili imara shilingi 14,000. Mzee aliomba ujira wa shilingi 20,000. Jumla shilingi 119,000. Kabla ya kuufunga, alifuta oili yote kwenye midomo ya mabomba, kwani mpira unaofungwa juu ya oili huteleza na kuchomoka ukielemewa. Aliuingiza hadi mwisho, akaikaza klempu sawasawa bila kuikaba mno hata ikate mpira, akahakikisha kidole kinapita kati ya mpira na kishikizo, kisha akavisha kona ile kipande cha mpira wa tairi. Aliniagiza nirudi baada ya siku chache aikaze tena, kwa kuwa mpira mpya hulainika ukipata joto.

Tulipakia magunia 8 ya mahindi, tukaenda kwenye kilima kilekile cha usiku ule. Gia ya tatu. Hakuna mluzi, hakuna moshi, isipokuwa mvumo mwembamba wa turbo, ambao Mzee alisema ni sauti ya afya. Mwezi Oktoba lita moja ilitupeleka kilometa 8.9.

Kwa faida yenu wenye magari, nayafupisha aliyonifundisha. Mluzi ukifuata mwendo wa gari, tazameni magurudumu na upepo. Ukifuata mguu na kuambatana na moshi mweusi na kukosa nguvu, tazameni mipira na klempu kabla ya kuilaumu turbo. Ukiwa kama king'ora na moshi wa buluu, simamisheni gari msiendelee, kwa sababu turbo inayovunjika inaweza kuimwagia injini oili na kuiharibu kabisa. Mkisikia mpapaso asubuhi au harufu ya moshi ndani, fungueni madirisha na mtafute fundi siku hiyohiyo. Na mkimaliza kupanda kilima kirefu, acheni injini ingurume polepole kwa dakika moja hivi kabla ya kuizima, ili oili iipoze turbo.

Jambo la pili halikuwa la shilingi 119,000. Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa dereva. Nilimwomba radhi mbele ya mkewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeisikia habari kisimani. Nilisema nilichodhani, bila kukizungusha. Dereva alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Baba Paroko, ule mluzi nilikuambia mara mbili." Nilikubali kwamba aliniambia. Akaendelea, "Lakini uliyoyasema wewe, waliyasikia watu wengi." Nilikubali na hilo pia.

Kikao cha Halmashauri kilifanyika kama kilivyopangwa, ila ajenda ilibadilika. Niliweka daftari la mafuta mezani pamoja na ule mpira uliopasuka, nikaeleza zile lita 20 zilikokwenda na nani aliyezipoteza. Dominika iliyofuata, baada ya matangazo, nililirudia kwa maneno machache mbele ya waamini wote, kwa sababu tuhuma iliyotangazwa hadharani haiwezi kufutwa sebuleni.

Dereva amerudi kwenye usukani, lakini si kwa masharti yangu. Aliomba daftari la mafuta libaki na lisainiwe na watu wawili kila linapojazwa, na pia kuwe na ukurasa wa kuandika kila sauti ngeni ya gari, tarehe iliyosikika, na jibu alilopewa na paroko. Nimekubali. Ukurasa huo una maandishi matatu hadi sasa, na yote matatu yamekwisha kushughulikiwa. Kigangoni kule mabati yamekwisha kupigiliwa, siku sita kabla ya mvua ya kwanza.

Mpira uliopasuka uko juu ya meza yangu ya ofisini. Mgeni akiniuliza ni wa nini, humwambia. Nawaombeni, wapendwa, kama kuna mtu nyumbani kwenu aliyewaambia jambo mara mbili mkamjibu kwamba mtaangalia, mwende mkaangalie juma hili.

Nawatakieni nyote Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko